Asilimia 0,3 ya nini?

Sheria ya madini ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaziagiza kampuni zinazochimba zitenge kila mwaka angalau asilimia 0,3 kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na machimbo. Ni kifungu cha 258 bis. Kule Kolwezi na Fungurume watu wengi wamekwisha kuisikia hiyo 0,3. Wanaijua kwa Kifaransa, kama mtu anavyojua namba ya basi. Lakini uliza swali moja dogo: asilimia 0,3 ya nini?

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni "ya faida". Si ajabu. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, biashara ni faida na hasara. Mama anayeuza mboga sokoni anagawa kile kilichobaki jioni, hagawi pesa zote zilizopita mkononi mwake tangu asubuhi.

Sheria haisemi faida. Inasema chiffre d'affaires, yaani jumla ya mauzo yote ya mwaka, kabla ya kutoa hata franka moja ya gharama. Tofauti yake ni kubwa. Tuseme kampuni imeuza kwa dola bilioni 1 na imepata faida ya dola milioni 100. Asilimia 0,3 ya mauzo ni dola milioni 3. Asilimia 0,3 ya faida ni dola 300 000. Na mwaka ambao kampuni inatangaza hasara, asilimia 0,3 ya faida ni sifuri, wakati asilimia 0,3 ya mauzo ingali pale pale. Kati ya neno "mauzo" na neno "faida" kuna madarasa, visima na zahanati.

Ninaandika haya kama mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, si kama mwanauchumi. Watu wanapozungumza juu ya uchumi wa dunia wenye haki zaidi, wanataja bei, kodi, madeni na viwanda. Wana haki ya kuvitaja. Mimi nataka kuongeza jambo moja ambalo ni la kazi yetu katika fakulte hii: mtu hawezi kudai fungu ambalo ameelezwa kwa lugha asiyoweza kuhesabia. Tunasema "mali bila daftari hupotea bila habari". Sisi daftari tunalo. Limeandikwa katika lugha ambayo wenye mali wengi hawaisomi.

Tazama kwanza ukubwa wa mali yenyewe. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo; katika miaka hii ya karibuni fungu letu limefika karibu asilimia 70 na kupita. Sehemu kubwa inatoka Lualaba na Katanga ya Juu. Bei yake haipangwi hapa. Katika mwaka 2022 tani moja ilifika karibu dola elfu 80. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola elfu 21. Mwezi wa Februari 2025 serikali ikafunga usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na toka tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo ikaweka mafungu: tani 96 600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili ya pale ilipokuwa imeanguka. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba nchi maskini haiwezi kusema neno likasikika London wamekosea. Kinshasa ilisema, na soko likasikia.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 2008 nchi yetu ilifanya mapatano na kampuni za Kichina, wao wapate madini kupitia Sicomines ya Kolwezi, sisi tupate barabara na majengo. Fungu la miundombinu lilikuwa dola bilioni 3. Mwezi wa Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitoa ripoti iliyoonyesha jinsi upande wetu ulivyopata kidogo. Mwezi wa Machi 2024 mapatano yakarekebishwa, na fungu la miundombinu likapanda kufika dola bilioni 7. Mtu anaweza kubishana kama bilioni 7 zinatosha. Lakini hakuna mgodi mpya uliogunduliwa kati ya 3 na 7. Karatasi zilisomwa tena na watu waliozielewa, wakauliza maswali.

Sasa tushuke ngazi. Uwezo huo wa kusoma na kuuliza umefika Kinshasa. Je, umefika Musompo?

Mchimbaji wa mikono anapoleta magunia yake depo, mnunuzi anachukua udongo kidogo na kuuelekezea mashine ndogo ya mkononi ambayo wachimbaji wote wanaiita Metorex. Mashine inatoa namba. Namba hiyo ni teneri, yaani kiasi cha kobalti au shaba kilicho ndani ya udongo, kwa asilimia. Ukutani kuna ubao wa bei: teneri hii, bei hii. Malalamiko kwamba mashine zinapunguza teneri, au kwamba mizani inapunguza kilo, yamesikika kwa miaka mingi. Siwezi kuhukumu kila depo. Naona tu kwamba katika mazungumzo yale upande mmoja una maneno yote: teneri, unyevu, makato, kozi ya dola, bei ya London. Upande wa pili una gunia na mgongo unaouma. Mchimbaji anajua neno teneri vizuri sana, kwa sababu linamuuma. Lakini nani amemweleza namna asilimia inavyogeuka kuwa kilo, na kilo kugeuka kuwa dola, ili ahesabu mwenyewe kabla ya kukubali?

Ngazi nyingine ni kijiji. Kampuni inapaswa kuandikiana na jamii hati ya ahadi, inayoitwa kahie de sharji, yenye orodha ya yale itakayojenga na wakati wake. Inapaswa pia kulipa mrabaha, ambao kwetu tunauita redevansi. Kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti, mrabaha ni asilimia 10. Sheria inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta au komini ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo katika kila dola 100 za mrabaha, 15 ni za eneo lenyewe. Na ile asilimia 0,3 inasimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa jamii wanaketi pamoja na wawakilishi wa kampuni.

Hii ni sheria nzuri. Lakini fikiri juu ya yule mwakilishi wa kijiji anayeketi mezani. Mbele yake kuna ripoti ya fedha ya kurasa nyingi. Mkutano unaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, watu wakasalimiana na kucheka kwa Kiswahili. Karatasi inayotiwa saini, na ambayo itafika mbele ya hakimu siku ya ugomvi, ni ya Kifaransa. Anaitia saini kwa sababu wengine wametia. Kesho kijiji kikimuuliza "mmekubaliana nini?", atasema alichosikia, si kilichoandikwa.

Kuna watakaosema kwamba mikataba inachapishwa, na kwamba nchi yetu ni mwanachama wa ITIE, mpango wa dunia wa uwazi katika madini. Ni kweli, na tuwashukuru waliopigania jambo hilo. Lakini kuchapishwa si kusomeka. Dirisha lililowekwa juu sana linaingiza mwanga, ila aliye chini haoni njia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni katika migodi ya Katanga. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuta lugha nyingi na kuleta wafanyakazi kutoka mbali. Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alifuatilia namna wakoloni walivyokichukua Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji na kukifanya chombo cha kuongoza watu. Maneno ya zamani ya kambi tunayakumbuka kwa babu zetu: kazi, kapita, kipande, posho. Ni maneno ya kuamriwa na ya kupimiwa chakula. Kwa kusema "beba", "chimba" na "harakisha", Kiswahili kilionekana kinatosha. Wazungu walijifunza. Ila katika msamiati ule wa kambi hutafuti neno la fungu la mfanyakazi katika mauzo ya kampuni, kwa sababu hakuna aliyekusudia kulitamka.

Mwaka 1967 Union Minière ikawa mali ya nchi, na baadaye jina likawa Gécamines. Wenye mali walibadilika, halafu wakabadilika tena. Mgawanyo wa lugha haukubadilika: amri kwa Kiswahili, hesabu kwa Kifaransa, na siku hizi hesabu kubwa kwa Kiingereza na Kichina.

Asiniambie mtu kwamba Kiswahili chetu hakina nguvu ya kubeba mambo haya. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji huu walitoa historia yao kwa Kiswahili cha hapa, maandishi yanayojulikana kama Vocabulaire de ville de Elisabethville. Wanazungumza juu ya kazi, mabwana, mishahara na mji. Hawakungoja ruhusa ya profesa. Ikiwa mpishi na boi waliweza kuandika historia ya mji, sisi wenye madaftari ya fonolojia tunashindwa nini kueleza mrabaha?

Tena Katiba iko upande wetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai ni lugha za taifa. Wengi tunaishia hapo. Tusome mpaka kifungu cha 142. Kinasema kwamba serikali inahakikisha sheria zinasambazwa kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria kutangazwa. Sheria ya madini ilitangazwa tarehe 9 Machi 2018. Siku 60 zilitimia tarehe 8 Mei 2018. Simama kwenye soko lolote la Kolwezi, uwaulize watu kumi kama wamewahi kushika mkononi sheria hiyo kwa Kiswahili.

Na haki hii si ya ndani ya nchi tu. Tarehe 12 Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni juu ya betri. Kobalti imetajwa ndani yake kwa jina, pamoja na lithiamu, nikeli na grafiti asilia. Kampuni kubwa zinazouza betri huko zitapaswa kuchunguza madini yanatoka wapi na kama watu wa huko wanaumizwa. Wajibu huo umesogezwa mpaka Agosti 2027. Kanuni hiyo inasomeka katika lugha 24 rasmi za Umoja wa Ulaya. Kimalta ni mojawapo, na Malta ina watu kama nusu milioni tu. Sina wivu na Wamalta. Wamepata kilicho haki yao: hakuna sheria inayowafunga bila wao kuweza kuisoma. Nauliza tu kwa nini mtu wa Malta aweze kusoma kwa lugha ya mama yake sheria inayozungumza juu ya shimo la Kolwezi, na mtu anayeingia katika shimo lile asiweze.

Najua mabishano yatakayokuja, maana nimeyasikia hapahapa chini ya miti ya kampasi.

La kwanza: Kiswahili si lugha ya mama ya kila mtu. Ni kweli. Kuna Kisanga, Kiluba, Kilunda, Kindembo, Kibemba na nyingine. Kiswahili ni hatua ya kwanza kwa sababu kinavuka vijiji vingi kwa mara moja. Baada ya hapo, redio za jamii na wazee wanaweza kupeleka maneno mbele zaidi. Ni rahisi kutoka Kiswahili kwenda Kisanga kuliko kutoka Kifaransa cha wanasheria.

La pili: Kiswahili gani? Hili ndilo swali letu hasa. Tanzania imekwisha kufanya kazi kubwa; toka 2021 sheria yake imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na neno mrabaha tunalipata huko. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi tuna sababu zaidi ya kuchota katika kisima hicho. Lakini ukisema "mrabaha" Kolwezi, wengi watakutazama tu. Ukisema "redevansi", wanajua ni pesa za Leta, ila hawajui zinahesabiwa vipi. Kwa maoni yangu tuandike yote mawili, tuweke maelezo mafupi, halafu tufanye lile tusilolifanya mara nyingi: tuwasomee watu, na wao watueleze kwa maneno yao wamesikia nini. Wakirudisha "faida" pale tuliposema "mauzo", kosa ni la tafsiri, si la wasikilizaji.

La tatu ndilo zito: mkataba mbaya ukitafsiriwa unabaki mbaya, na chifu anayekula pesa za kijiji anasoma vizuri sana. Nakubali. Tafsiri haiongezi bei ya kobalti wala haimfungi mwizi. Lakini chifu anakula kwa raha pale ambapo yeye peke yake, au yeye na karani, wanajua kiasi kilichoingia. Siku ambayo akina mama wa soko wanajua kwamba kati ya kila dola 100 za mrabaha 15 zilipaswa kufika katika sekta yao, atakula akitazama mlango.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwa serikali: kifungu cha 142 kitimizwe, kuanzia na sheria ya madini, kwa vijitabu na kwa redio. Na kila kahie de sharji iandikwe kwa lugha mbili, Kiswahili kikiwa na nguvu ileile mbele ya hakimu. Tafsiri ya kusaidia tu haitoshi, kwa sababu siku ya ugomvi inawekwa kando.

Kwa wanunuzi wa Ulaya, Asia na Marekani wanaotaka kobalti "safi": wakiletewa karatasi inayosema jamii imeulizwa na imekubali, waulize jamii iliulizwa kwa lugha gani, na muhtasari wa mkutano katika lugha hiyo uko wapi. Swali hilo halina gharama kubwa, na litawafanya wengi hapa watafute mfasiri haraka.

Kwa fakulte yetu: kila mwaka tunaandika kazi za kumaliza masomo juu ya ngeli, toni na vitenzi, zinawekwa rafuni. Ngeli na toni nazipenda, na sitaki ziachwe. Lakini kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anaweza, pamoja na kazi yake, kuchukua maneno kumi ya madini na kuyafanyia kazi pamoja na wachimbaji, wanasheria na watangazaji wa redio. Kwa darasa la watu ishirini, hayo ni maneno mia mbili kwa mwaka. Miaka mitatu inatosha kutoa kamusi ndogo ambayo mwakilishi wa kijiji anaweza kuiweka mfukoni akienda mkutanoni.

Tungeanza na maneno manne: mauzo, faida, mrabaha, teneri. Kisha, mkutano ujao wa kijiji utakapoitwa na wakubwa wa kampuni wakishamaliza hotuba zao, mtu wa kwanza kusimama aweze kuwauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe: mwaka uliopita mliuza kwa kiasi gani, na asilimia 0,3 yake iko wapi?